Barua Iliyoshonwa Ndani ya Hirizi

Nilifika Kilwa Kivinje nikifuata ufuta. Soko likifunguliwa, magunia huhitaji watu wa kupepeta, wa kushona midomo yake na wa kuwapikia wapakiaji, na kazi zote hizo nimezifanya, kuanzia Somanga hadi Mchinga. Sikuja kukaa. Mimi nikishazijua njia za mji na kumjua mwenye chai nzuri, miguu huanza kuniwasha. Mume nilimwacha Masasi akiwa mzima na mwenye furaha, na mali yangu yote inaingia kwenye begi moja la mgongoni.

Ndani ya begi hilo kulikuwa na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Nilikiokota kwenye gesti moja ya Lindi mjini, chini ya godoro. Shule niliiacha darasa la sita, kabla ya kufikia vitabu vya namna ile, lakini kusoma sikuacha. Hata gazeti lililofungia maandazi huwa nalikunjua nikalimaliza. Jina la mwandishi, lililobaki kwenye ukurasa wa kwanza, nilikuwa nalijua. Nani asiyelijua? Vitabu vyake watoto wanafanyia mitihani, na alipofariki redio ilimtaja siku nzima. Kile changu nilikuwa nimekisoma mara nyingi mpaka pale kinapokatikia, hata nikajitungia mwisho wangu mwenyewe.

Chumba nilipanga uani kwa bibi mmoja mjane. Ukimwamkia shikamoo, huitikia marahaba, kisha hukuuliza ukoo wako mpaka unasahau ulichokuja kutaka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini mchele aliuchambua mwenyewe kwa vidole, na chuya hazikumpita. Alasiri moja nilikuwa nimekaa karibu naye na kitabu changu, midomo ikinicheza.

"Soma kwa sauti," akaniambia. "Usininong'onee pembeni kama mchawi."

Nikasoma. Ilikuwa sehemu ambapo mwanamke anamkimbia mumewe usiku, mvua inanyesha, mbwa wanabweka. Bibi aliacha mchele.

"Hapo anadanganya," akasema. "Shangazi hakuondoka usiku. Aliondoka adhuhuri, jua kali, mtaa mzima unamwona, na godoro lake kichwani."

"Shangazi gani, Bibi?"

"Shangazi yetu. Wangu mimi na huyo aliyeandika. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaelekeza kidevu chumbani mwake. "Chini ya kitanda kuna bati la biskuti. Lilete, halafu uendelee kucheka."

Bati lilikuwa limejaa barua. Nilifungua ya juu nikitazamia maandishi niliyozoea, nikakuta herufi za Kiarabu, zimepangwa safi kwa wino wa bluu. Nikaanza kuzifuata kwa kidole, na nilichokuwa nikikisoma kilikuwa Kiswahili kitupu: habari za paa linalovuja, za binti aliyekataa posa, za mdeni mmoja aliyejificha kabatini. Bibi akanieleza. Yeye skuli ya serikali hakupelekwa. Alipelekwa chuoni, kwenye Kurani, akajua kusoma na kuandika kwa herufi hizo tu. Mdogo wake kabla hajaanza skuli, yeye ndiye aliyemkalisha barazani na ubao na kumshika mkono. Yule mtu aliyekuja kuandika vitabu vya kusomwa nchi nzima, maisha yake yote alimwandikia dada yake kwa herufi alizofundishwa na dada huyohuyo.

Mimi nilizijua kwa nyanya yangu, aliyezoea kutuandikisha salamu za kupelekea majirani. Lakini kuzisoma ni kazi ya kukisia. Herufi moja hubeba sauti mbili tatu, na mwandishi hakuwa na haja ya kumwekea dada yake alama za irabu. Nilikwama kila mstari. Bibi alikuwa akinirudisha. "Hapana, rudi. Mdogo wangu hawezi kuniandikia ujinga kama huo." Nikirudi, kweli, lilikuwa neno jingine. Jioni zile tulilisoma bati lote, barua baada ya barua, akicheka, akimtukana mdogo wake, akiniambia pale alipotia chumvi.

Tulipomaliza, hakuridhika. Alinyoosha mkono akapapasa ndani ya bati.

"Imebaki moja," akasema. "Ile ya mwisho."

Ile ya mwisho ililetwa kwa mkono, na dereva wa lori la chumvi aliyetoka Dar es Salaam. Wakati huo macho ya Bibi yalikuwa yamekwisha kumtoroka. Jirani aliyekuwa akimsomea, mwalimu wa chuo cha Kurani cha wanawake, alikuwa amekwenda Mafia kwenye arusi ya mwanawe, na nyumbani hakuna mwingine aliyeziweza herufi zile kwa Kiswahili. Wajukuu wanasoma Kurani vizuri tu, lakini barua isiyo na alama ni jambo jingine. Bibi akasema si neno, nitamngoja mwalimu. Kabla mwalimu hajarudi, ikafika habari ya msiba wa mdogo wake. Nyumba ikajaa watu wa matanga, mikeka ikatandikwa mpaka uani, na watu walipotawanyika, barua haikuonekana.

"Alikuwa anaumwa," Bibi aliniambia. "Kwenye simu hakusema, lakini nilimsikia pumzi. Mtu mgonjwa akimwandikia dada yake, anamwita. Ameniita, mwanangu. Na mimi nilikuwa hapahapa nachambua mchele."

Alisema hivyo bila kulia, kwa namna ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo peke yake mara nyingi.

Kulikuwa pia na mwalimu mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anakusanya barua za marehemu zitoke kitabu. Alikwisha kufika Kivinje na kilo ya sukari na adabu zote, akaomba kulipiga picha bati lile. Bibi alimkaribisha wali, akamkatalia barua. "Ipo moja sijaisikia," alimwambia. "Siwezi kuwapa watu maneno ya mdogo wangu na mimi mwenyewe sijayamaliza." Yule mwalimu alielewa. Hupiga simu mara mojamoja kumjulia hali.

Mimi simu yangu inapiga picha. Bati lilikuwa mikononi mwangu kila jioni. Sikupiga hata moja, na sijisifu. Nilichokitaka hasa kilikuwa ile isiyokuwemo. Niliamua sitoki Kivinje mpaka isomwe. Ufuta ukaisha, malori yakaondoka, wenzangu wakanipigia kwamba korosho zinakaribia, twende Newala tukawahi vyumba. Nikawaambia tangulieni.

Nilianza na kina mama waliopika kwenye matanga. Mmoja aliniambia karatasi zote za siku zile aliwashia moto. Nikamuuliza zilikuwa karatasi gani, akakumbuka zilikuwa maboksi ya majani ya chai. Mwingine alisema labda mbuzi. Wa tatu ndiye aliyeniambia niwaulize waliolala chumbani kwa Bibi, na waliolala chumbani kwa Bibi walikuwa mjukuu wake na mkewe, kwa sababu mtoto wao alikuwa mgonjwa na uani kulikuwa na kelele. Siku hizi wanalima Rondo, huko juu nyuma ya Lindi, kwao yule mke.

Tukapiga simu, nikaiweka kwa sauti kubwa.

"Karatasi gani, Bibi?" mjukuu akauliza.

"Barua. Ya babu yako. Imeandikwa kwa herufi zetu."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Si ile dua?"

"Dua gani?"

"Dua ya babu. Mke wangu aliikuta kichwani mwa kitanda chako, mtoto ana degedege, akaniuliza hii ni dua? Nikamwambia ndiyo, ya babu. Akaenda kumshonea hirizi."

Bibi aliishika simu kama anataka kuikamua. "We mwanaharamu! Babu yako hata kikohozi chake mwenyewe hakuweza kukisomea!"

"Sasa Bibi, ningejuaje? Imekunjwa vizuri, imeandikwa vile, imetoka kwa mtu mkubwa. Ungeona wewe ungesema nini?"

"Mimi ningeisoma!"

Akaitwa mke. Alimwamkia Bibi kwa heshima zote, akasema amesikia, Bibi, Inshallah. Tukangoja. Hakuna kilicholetwa. Kila tukipiga, tunajibiwa Inshallah. Basi nikafunga begi langu, Bibi akanipa pweza mkavu wa kupeleka, nikapanda Rondo.

Niliwakuta uwanjani wanapura mbaazi. Mtoto ndiye niliyemwona kwanza, mvulana wa kama miaka minne, anafukuza kuku huku amevaa shati tu. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kulikuwa na kipande cha ngozi nyeusi kilichoshonwa kwa uzi mzito wa viatu. Nilijua ni kile. Mtu umesafiri kutwa kufuata kitu, halafu unakiona kinakimbia.

Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache. Alinipa maji, akapokea pweza, akakaa. Nikamweleza kwamba kilichomo mle si dua, ni barua.

"Umeisoma, dada?"

"Sijaisoma."

"Sasa umejuaje?"

Akaendelea taratibu, bila ukali. Mtoto alianza kuanguka akiwa hata meno hayajakamilika. Hospitali walimpeleka, dawa alipewa na alimeza, hakuacha hata kijiko. Tangu avae hirizi, hajaanguka tena. "Sisemi ni hii, sisemi ni dawa. Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi tusiojua wawili, mmoja wetu ana mtoto." Akasimama, akarudi kwenye mbaazi.

Mwingine angerudi. Mimi nilichukua fimbo nikaanza kupura pembeni yake. Sikumwambia tena habari ya barua. Nilipura, nikapepeta, nikatwanga, nikalala kwenye chumba cha mbegu. Wao kwa wao walizungumza Kimwera, na mimi nikawa naokota neno moja moja na kuliuliza, mpaka mtoto akageuka mwalimu wangu; nikikosea alinizaba kofi la gotini. Baba yake, mjukuu wa Bibi, alikuwa mtu wa mzaha. Kila asubuhi aliponikuta nimekwisha kushika fimbo, alisema, "Dada, hivi Bibi amekutuma au amekuhamishia hapa moja kwa moja? Tujue, tukuongezee chumba." Na mkewe humwambia, "Mwache. Kuliko wewe, anapura."

Siku mbaazi zilipokwisha kuingia kwenye magunia, yule mke alikuja kukaa nami kizingitini. Alikuwa na kikapu cha mihogo ya kumenya, akanisogezea kisu cha pili.

"Huyo Bibi anaitakia nini hasa?" akauliza. "Barua anazo tele. Mimi nimeziona, bati zima."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia Bibi anaamini ndugu yake alimwita alipokuwa anaumwa, na yeye hakwenda. Kwamba barua ilikuwa kichwani mwake kitandani, imefungwa, na mtu anakufa. Kwamba hana namna ya kujua kama aliitwa au hakuitwa ila kwa ile karatasi.

Alimenya muhogo mzima.

"Analala?"

"Halali vizuri. Husikika anazungumza."

"Basi yeye naye mgonjwa," akasema. "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza? Ulikuja unaniambia hii si dua, hii si dua, kama umekuja kuninyang'anya. Kama ni mgonjwa, hilo ni jambo jingine. Iliyomponya mmoja haimkatalii mwingine." Akatupa maganda. "Lakini sikupi wewe. Naipeleka mwenyewe, na mtoto anakwenda. Itafunguliwa mbele yangu, itasomwa, itashonwa palepale irudi mkononi. Haipigwi picha wala hainakiliwi. Ukikubali, kesho tunashuka."

Nilikubali. Mume akauliza naye nani atamfungia kuku. Akajibiwa kwamba amekwisha kuwa mtu mzima.

Bibi tulimkuta barazani amevaa kanga mpya, amejipaka wanja, kama anayengoja posa. Mtoto alisukumwa mbele amwamkie. Akaamkia huku amejificha nyuma ya mama yake. Bibi alimvuta, akampapasa uso, mabega, akafika kwenye ngozi akasimama hapo.

"Imekukalia vizuri," akamwambia. "Nani kashona?"

"Fundi viatu," mama akajibu. "Bibi, nisamehe. Niliuliza, nikaambiwa."

"Uliuliza kwa mpumbavu. Kosa lako ni hilo tu. Fungua."

Mama alimkalisha mtoto mapajani, akakata uzi kwa wembe, mshono mmoja mmoja. Mtoto aliutazama mkono wake mtupu kama si wake. Ndani ya ngozi kulikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama kete ya bao. Ilikuwa imelowa mafuta ya nazi na jasho la mtoto, imekuwa ya rangi ya asali. Nilichukua muda mrefu kuikunjua. Pembe moja ilibaki kwenye kitambaa. Lakini wino ulikuwepo, na mwandiko ulikuwa mkubwa kuliko wa barua zote za bati, wa mtu asiyeamini macho yake tena.

Nilikuwa na hofu. Kama alimwita, mimi ndiye nitakayelitamka. Bibi aliliona hilo, sijui kwa macho gani.

"Soma kilichoandikwa," akasema. "Usinihurumie."

Nikasoma. Baada ya salamu ndefu, aliandika kwamba yeye ni mzima kwa kiasi chake, madaktari wanamwambia hili na lile, naye anawaitikia. Kisha: "Najua watu watakuambia naumwa, nawe utafunga mzigo. Usije. Miguu yako haizitaki ngazi za hapa, na mimi sitaki unione nimelala. Wewe umezoea kuniona ninakimbia. Nikipata nafuu nitakuja mwenyewe."

"Rudia," akasema Bibi.

"Usije. Miguu yako—"

"Basi. Rudia hilo la kwanza tu."

"Usije."

Alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, wanja ukashuka nayo, hakuyafuta.

"Mjinga," akasema. "Ningekwenda tu."

Mama wa mtoto alikuwa amemshika mkono. Mimi nikamwambia barua bado inaendelea.

"Anataka nini tena?"

Nikasoma. "Sasa lililonifanya niandike. Ule mkate wa kumimina wa mama. Nimeula Tanga, nimeula Unguja, nimeula kwa kila anayejisifu, hakuna. Iliki wote wanatia. Wa mama ulikuwa na kitu kingine, kama moshi na si moshi. Ninaandika habari za jiko letu na nimekwama hapo, kwa sababu siwezi kumwandika mama anapika kitu nisichokijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia sinia. Niandikie. Usinipigie simu, maana kwenye simu utanitukana kwanza, salio liishe."

Bibi alicheka mpaka mtoto naye akacheka. Halafu akakunja paji la uso, vidole vikisuguana.

"Sikumbuki," akasema. "Nimepika mkate ule miaka yote, lakini kwa mdomo sikumbuki alitia nini. Nenda kaloweke mchele."

"Sasa hivi, Bibi?"

"Mtu ameuliza. Amekaa anangoja jibu mpaka amekufa. Loweka mchele!"

Kesho yake asubuhi mchele ulisagwa, na Bibi akakaa jikoni kwenye kibao, sisi wawili pembeni tukimpa alichoomba. Iliki akatia. Hamira akatia. Akaomba nazi. Mama wa mtoto aliivunja na kumpa vipande viwili, na mbuzi ya kukunia ilikuwa tayari. Mikono ya Bibi ilizichukua zile nazi ikaipita mbuzi, ikazilaza juu ya makaa, kifuu juu, nyama chini, kidogo tu, mpaka harufu ikapanda. Ndipo akaziinua aanze kukuna. Akasimama katikati.

"Hiki hapa," akasema. "Nazi. Alikuwa anaipitisha motoni kwanza."

Mama wa mtoto akainama kunusa. "Kwa hiyo, Bibi, hiyo ndiyo dua yenyewe?"

"Hiyo ndiyo dua yenyewe. Mwambie huyu mzururaji ashike kalamu."

Nikaandika, kwa herufi zilezile, Bibi akitamka na kukuna. Jibu lilikuwa fupi. Alimweleza habari ya nazi, akamweleza kwamba shangazi aliondoka adhuhuri wala si usiku, arekebishe, na akamwambia kwamba kama angekuja angemkuta amemwekea kipande cha pembeni kilichokauka, anachokipenda. Mkate ulipopoa tulikula, na mtoto akapewa hicho cha pembeni.

Fundi viatu alikuja adhuhuri na sindano yake. Karatasi ilirudi kwenye kitambaa, kitambaa kwenye ngozi, ngozi kwenye mkono. Sikunakili neno, niliyoyaandika hapa nimeyashika kichwani kwa kuwa Bibi alinisomesha barua ile tena na tena kabla uzi haujapita, na mama wa mtoto amenipa ruhusa kuyasimulia.

Jioni Bibi aliniambia nimpigie yule mwalimu wa Dar es Salaam. Aje, apige picha bati zima, na jibu la Bibi aliweke mwisho. Mwalimu alifurahi hata sauti ikamkatika. Kisha akauliza, kwa adabu, kuhusu ile barua ya mwisho, kama imepatikana.

Nikamgeukia Bibi.

"Mwambie imepatikana," akasema. "Mwambie ile iko kazini."